Chagua Mkono Kabla ya Kuchagua Kiongozi

Machi 4, 2013 niliingia peke yangu katika kituo cha kupigia kura hapa Likoni, Mombasa. Presha ya macho ilikuwa imenimaliza uoni miaka minne kabla, na hiyo ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza gizani. Mpwa wangu alinifikisha mlangoni, nikamwambia aende zake, nikidhani huko ndani nitapewa kitu cha kupapasa. Hakikuwepo. Afisa msimamizi wa kituo akaniambia kwa upole kabisa, "Usijali mama, mimi nitakuwekea alama." Mawakala wa vyama wakaitwa washuhudie, nami nikatakiwa nitaje majina. Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wa wadi. Majina sita, kwa sauti, huku nikisikia viti vikisogezwa karibu.

Kesho yake asubuhi mama ninayenunua mahamri kwake akaniuliza mbona nimemnyima kura mtu wa kwetu.

Nililia siku ile. Baadaye nilipopata wa kunisomea sheria, nikaumia zaidi, kwa sababu afisa yule hakuivunja. Kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 zinasema mpiga kura asiyeweza kujipigia kura kwa ajili ya ulemavu, au kwa kutojua kusoma na kuandika, ana haki ya kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Akija bila mtu, afisa msimamizi ndiye humsaidia, mbele ya mawakala. Mimi nilikuja bila mtu. Katiba, Kifungu cha 38, inanipa kura ya siri kama Mkenya mwingine yeyote, na siri yangu niliiacha mlangoni kwa kutojua.

Kwa hivyo ewe ndugu yangu usiyeona, au ambaye mikono yako haishiki kalamu, uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Mtafute mtu wako sasa. Awe ametimiza miaka 18. Si lazima awe amejiandikisha kupiga kura, lakini asiwe mgombea wala wakala. Kabla ya kukusaidia atajaza Fomu 32, ambayo ni kiapo kwamba hatatoa siri yako. Tena mtu mmoja husaidia mpiga kura mmoja tu. Hili la mwisho huwapata sana watu. Najua nyumba ya mke na mume, wote hawaoni, waliokwenda na kijana mmoja. Mume akasaidiwa, mke akaishia kwa afisa na mawakala kama mimi.

Usimchague kwa sababu ni mtoto wa nyumbani tu. Mchague anayeweza kukuandikia jina asilolipenda. Hapo ndipo penye kazi. Mpwa wangu na mimi tulikuwa hatukubaliani hata kidogo kuhusu siasa, na nilimwambia wazi: kura yako utapiga yako, hii ni yangu. Kisha nikampima. Nilimpa orodha ya vitu sita vya dukani, nikamwambia aweke alama kwenye kimoja, halafu nikampelekea jirani anisomee. Nilimpima mara tatu, na sikuona aibu. Yeye ndiye aliyeona aibu kidogo mara ya kwanza, kisha akaelewa.

Halafu tukafanya mazoezi. Tulikata makasha ya biskuti yakawa karatasi za kura, tukayachorea mistari kwa kalamu ya wino mzito. Tulikubaliana hakuna kutaja jina ndani ya kituo. Kile kibanda cha kupigia kura ni kadibodi tu, na sauti hupita. Akishanisomea majina nyumbani kutoka kwenye orodha ya wagombea, siku ile mimi nampa ishara kwa kumgonga kiganjani: mara moja kwa jina la kwanza, mara mbili kwa la pili. Yeye huniwekea kidole changu cha shahada kwenye ukingo wa kisanduku, mimi naiteleza kalamu kando ya kidole hicho na kuweka alama mwenyewe. Nausikia wino ukikwaruza karatasi. Hamwezi kujua raha ya mkwaruzo ule.

Na rangi zikaririni pamoja na msaidizi wenu, maana masanduku hutofautishwa kwa rangi za vifuniko: nyeupe ni rais, samawati gavana, manjano seneta, kijani mbunge, zambarau mwakilishi wa wanawake, hudhurungi mwakilishi wa wadi. Mimi hukunja karatasi moja nikaitumbukiza ndiyo nikaomba kuongozwa kwa nyingine. Nikizishika zote sita mkononi, nachanganyikiwa.

Agosti 9, 2022 tuliingia tukiwa tumejiandaa kwa karatasi sita, tukapewa tano. Uchaguzi wa gavana hapa Mombasa ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya kasoro kwenye karatasi za kura, tukapiga Agosti 29. Kwa wenzetu ilikuwa safari ya pili tu. Kwa mlemavu ni kutafuta tena mtu, tuktuk tena, kazi ya mpwa kupotea siku nyingine. Karani mmoja alitaka kunisaidia yeye ili "tuharakishe." Nikamwambia nina mtu wangu na Fomu 32 naijua. Akaileta fomu bila neno.

Wenzangu wa viti vya magurudumu, nendeni mkakague kituo wiki kadhaa kabla. Mkikuta ngazi, andikeni barua kwa tume ya uchaguzi mapema na mbaki na nakala. Kwenye foleni, tangulieni. Mna haki ya kupewa nafasi, msingoje kubembelezwa. Viziwi, dai la mkalimani wa lugha ya ishara lipelekeni kwa wagombea tangu kampeni, kwa sababu katika mikutano ndiko ahadi hutolewa. Na wazazi wenye vijana walio na ulemavu wa akili, msikubali jirani wala karani awaambie kwamba "huyu hafai." Katiba humwondoa mtu aliyetangazwa rasmi kuwa hana akili timamu. Karani hana mamlaka ya kumtangaza mtu hivyo kwa kumtazama usoni.

Sasa njooni kwa wagombea wenyewe. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, kwa hivyo tunahitaji 17 na zaidi. Viti vya uteuzi ni 12, na tunagawana na vijana na wafanyakazi. Hata tungepewa vyote 12, bado hatufiki. Kwenye Seneti viti vyetu vya uteuzi ni viwili kati ya 67. Uteuzi umetusaidia, sikatai. Seneta mteule Crystal Asige, ambaye naye ana ulemavu wa kuona, ndiye aliyeusukuma mswada uliokuja kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Lakini hesabu haitajaa mpaka vyama vitusimamishe kwenye maeneo bunge na wadi. Swali langu kwa kila mgombea anayekuja hapa barazani ni hilo: chama chako kimesimamisha mlemavu wapi, na ada ya kuomba tiketi ya chama mlimpunguzia kiasi gani?

Wakikujibu kwamba tu wachache, wakumbushe sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu. Hata ukiwatoa watoto, kumbuka kiti cha urais 2022 kiliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 233,000.

Mpwa wangu yuko Qatar tangu mwaka jana, anafanya kazi. Mkono wangu umekwenda. Nimezungumza na mama wa kijana wa jirani anayetimiza miaka 18 Machi 2027, naye ameridhia. Jumamosi iliyopita tulianza na makasha matatu ya biskuti. Kugongwa kiganjani bado kunamchekesha, na karatasi ya pili aliniwekea kidole mstari usio wangu. Nikamwambia turudie.