Jibu: Asiyeamini ananibana na swali la MV Nyerere
Habari ndugu. Nimekuelewa, mwenzako kazini anakuuliza kama Mungu ni mwema na anaweza yote, ilikuwaje kivuko cha MV Nyerere kikazama pale kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, 20 Septemba 2018 wakafa watu zaidi ya 200, na kila ukijibu mnagombana.

Cheki kwanza anabishana au amefiwa. Mimi nilimmwagia maandiko jirani yangu mvuvi hapa Kirumba, Mwanza, kumbe dada yake alikuwemo kwenye kivuko, akaacha kushona nyavu akaniangalia tu, sindano mkononi. Niliumia sana.

Kama ni hoja, usikimbilie yule fundi wa kivuko aliyetolewa hai ndani yake baada ya siku mbili maana utaulizwa na wale wengine je. Anza na hiari, yaani uhuru wa mtu kuchagua, hoja ambayo mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga ameitetea sana, kwamba mtu huru lazima aweze kukosea, na kivuko cha abiria 101 kujazwa kupita kiasi ni kazi ya binadamu. Ila akikuletea tetemeko la Kagera la 2016, ambalo si kazi ya mtu, hiari haitoshi, hapo mi jibu sina na huwa namwambia hivyo hivyo, ndo anaanza kunisikiliza.