Nguvu ya maikrowevu: kiporo gani, kiwango gani

Maikrowevu nyingi za lita 20 hutoa wati 700 kwenye nguvu ya juu. Ile namba kubwa iliyobandikwa nyuma, 1,050 au 1,200, ni umeme inaokula, si joto linaloingia kwenye chakula. Pakiti ikisema dakika 3 kwa wati 1,000, mashine ya 700 inahitaji dakika 4 na robo hivi.

Ukishusha hadi asilimia 50, mashine za kawaida hazipunguzi ukali. Huwaka na kuzima kwa zamu. Sikiliza: mvumo mzito unakuja, unakatika, taa na sahani zikiendelea. Pale unapokatika ndipo joto la pembeni hupata nafasi ya kupenya katikati. Zamu moja inaweza kufika sekunde 30, kwa hiyo kuweka nguvu ya nusu kwa sekunde 10 ni kubahatisha tu.

Nyama ya friza ndiyo inayoharibiwa zaidi. Maji hunyonya mawimbi kuliko barafu, hivyo kona iliyotangulia kuyeyuka huvuta joto lote na kuiva, huku moyo wa donge bado ni jiwe. Weka asilimia 30 (kwenye mashine nyingi ni ile alama ya theluji). Nusu kilo ya nyama ya kusaga huchukua dakika 7 hadi 9. Kila baada ya dakika 2 igeuze, kwangua iliyolegea uiweke kando, kisha urudishe donge lililobaki. Likibaki na barafu kidogo katikati, zima, liache dakika 5, halafu upike papo hapo. Usiirudishe friji, maana kingo zake zimeshapata uvuguvugu.

Wali mtupu hauna shida na nguvu ya juu: sahani moja, kijiko cha maji, funika, dakika 2. Utandaze pembeni uache shimo katikati, kwa sababu katikati ya sahani inayozunguka hupata joto dogo. Pilau lenye nyama lishushe hadi asilimia 70, la sivyo minofu inakakamaa.

Maharage kwa nguvu ya juu hupasuka na kurukia kuta; 70, yafunike, koroga mara moja. Mchuzi wa nazi na samaki wa kupaka ni 50 na si zaidi: ukichemka kwa fujo tui hukatika, mafuta yanaelea, na samaki anakuwa mkavu.

Chapati ifunge kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nguvu ya juu, sekunde 20. Ukizidisha unatafuna ngozi, na hata iliyotoka vizuri hukakamaa ikipoa, basi pasha unayokula sasa.

Yai zima la kuchemsha lisiingie kabisa, hata kwa 30. Mvuke hujifungia ndani, na linaweza kulipuka likiwa tayari mezani, au mdomoni.