Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Kupima na Kuchochea Ubongo

SWALI: Mhariri, salamu. Mdogo wangu anajiandaa kwa mitihani na anataka nimnunulie kifaa cha kuvaa kichwani. Ameona vya aina mbili: kimoja hudaiwa kusoma mawimbi ya ubongo na kuonyesha kiwango cha umakini kwenye simu, kingine hupitisha umeme kidogo ili mtu ashike masomo haraka. Kipi ni bora, na vinatofautianaje na vya hospitalini?

JIBU: Ndugu msomaji, vifaa hivyo viwili havishindani, kwa sababu kazi zake ni tofauti kabisa. Cha kwanza hupokea tu kile ambacho ubongo unakitoa wenyewe, ilhali cha pili huingilia utendaji wake, na kwa hiyo kinastahili kudaiwa ushahidi mzito zaidi kabla hakijawekwa kwenye kichwa cha mtu yeyote.

Tuanze na kupima. Kipimo cha EEG, ambacho Hans Berger alikifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, hunasa tofauti ndogo za umeme juu ya ngozi ya kichwa, kwa kawaida makumi ya mikrovolti tu (mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti), zinazotokana na seli nyingi za neva zinazofanya kazi kwa pamoja. Kina kasi ya milisekunde, lakini fuvu husambaza umeme huo kabla haujafika nje, hivyo ni vigumu kutambua kwa usahihi umetoka wapi. MRI ya utendaji, yaani upigaji picha za ubongo unaofanya kazi kwa mashine yenye sumaku kubwa, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina sifa zilizo kinyume: huonyesha mahali kwa kiwango cha milimita chache, ila inachofuatilia ni oksijeni katika damu, na damu huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya seli zenyewe. Zipo pia kofia za mwanga wa infraredi, ambazo hufuatilia damu hiyohiyo katika tabaka la juu la ubongo pekee, lakini humruhusu mtu kusogea, na ndiyo maana watafiti wa watoto wachanga huzipenda.

Kifaa cha kwanza alichokiona mdogo wako, yaani ukanda wa kichwani unaouzwa madukani, ni EEG iliyopunguzwa. Hospitalini, mtaalamu hutenganisha nywele, husugua ngozi, hupaka jeli na kubandika elektrodi (vipande vidogo vinavyonasa umeme) zipatazo ishirini, kisha humwambia mgonjwa afumbe macho. Mara mawimbi ya alfa, yenye mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde, hujitokeza upande wa kisogoni, akifumbua, hufifia. Akipepesa, mistari ya elektrodi za kwenye paji la uso huruka ghafla, na akiuma meno, chati nzima hujaa vurugu za misuli ya taya. Sasa fikiria ukanda wenye elektrodi chache kavu zilizokaa hasa kwenye paji la uso. Alama ya umakini unayoiona kwenye simu inaweza kuwa imechangiwa zaidi na nyusi zilizokunjwa kuliko na masomo. Kwa udadisi, kifaa hicho hakina madhara. Kama kipimo cha umakini wa mwanafunzi, mimi nisingekiamini.

Kuhusu kuchochea, mbinu yenye ushahidi imara zaidi ni ya sumaku, iliyobuniwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili, yaani waya uliozungushwa, inayoshikwa juu ya kichwa hutoa pigo la sumaku la muda mfupi mno, lenye nguvu inayokaribia ile ya mashine ya MRI, na pigo hilo huzalisha mkondo wa umeme ndani ya ubongo. Likielekezwa kwenye sehemu inayoongoza mkono, kidole gumba hushtuka bila mwenyewe kukusudia. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia. Hata hivyo hufanywa chini ya uangalizi, kwa kuwa inaweza, ingawa ni nadra, kusababisha degedege, na mwenye vipande fulani vya chuma kichwani hafanyiwi.

Kifaa cha umeme alichokiona mdogo wako si hicho. Hupitisha mkondo wa miliampea 1 au 2 kupitia sponji zilizoloweshwa, na sehemu kubwa ya mkondo huo huishia kwenye ngozi. Kiasi kinachofika ndani hakizifyatui seli, bali hubadilisha kidogo tu utayari wake. Matokeo ya tafiti kuhusu kumbukumbu na umakini yanapingana, matumizi ya muda mrefu kwa vijana hayajachunguzwa vya kutosha, na sponji ikikauka ngozi inaweza kuungua. Usimnunulie.

SWALI: Mama yangu mdogo amepangiwa EEG baada ya kuanguka na kupoteza fahamu. Anaogopa kwamba atapigwa shoti.

JIBU: Mwondoe hofu: elektrodi hizo hupokea umeme, hazipitishi. Aoshe nywele na asipake mafuta, wala asiache dawa zake bila kuagizwa na daktari. Huenda akaombwa kupumua kwa kasi au kutazama taa inayomweka, ili kuona kama mawimbi yatabadilika. Majibu yakitoka ya kawaida, arudi kwa daktari vilevile, kwa kuwa mwenye kifafa anaweza kupimwa wakati ambao ubongo umetulia.