Nimebadilisha moduli ya feni ya hita na AC ya gari mara mbili. Ya kwanza niliitupia pesa bure

Mwambie mtu wa Dar kwamba hita ya gari lako imekufa na wewe unakaa Dodoma, atacheka. Kwake Dodoma ni jua, upepo na vumbi, basi. Hajawahi kutoka Nzuguni saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, watoto wamejikunyata kiti cha nyuma na masweta yao ya shule, pumzi za watu wanne zimekifanya kioo cha mbele kuwa kama kimepakwa maziwa, na wewe unakifuta kwa kitambaa huku unaendesha kwa mkono mmoja.

Kitu ambacho wengi hatukitilii maanani ni kwamba feni ni moja tu. Ndiyo inayosukuma joto la hita, ndiyo inayosukuma baridi la AC, na ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo. Ikifa, vyote vitatu vimekufa, hata kama gesi ya AC imejaa na rejeta haina tatizo. Kwa hiyo kabla hujakubali kuuziwa kompresa, sikiliza kwanza kama feni inavuma.

Yangu haikunyamaza mara moja. Ilianza kwa ukaidi: niliweka kasi ndogo, yenyewe ikavuma kasi yote kama inataka kuezua paa. Nipunguze nisipunguze, ile ile. Hiyo ni dalili ya moduli, ile sehemu ndogo yenye mapezi ya alumini inayoipimia mota umeme. Kwenye magari yenye AC ya kubonyeza vitufe ndani yake kuna transista, kama bomba la kupunguza na kuongeza umeme. Transista ikiungua kwa kujishika, umeme unapita wote bila breki. Ikiungua kwa kukatika, feni inakuwa kimya. Kama gari lako ni la kuzungusha namba moja mpaka nne, huko hakuna moduli bali rezista ya kawaida, na dalili yake inajulikana gereji zote: namba moja, mbili na tatu zimekufa, namba nne inafanya kazi. Sababu ni kwamba namba ya mwisho haipiti kwenye rezista, inakwenda moja kwa moja kwenye mota.

(Dukani usihangaike na neno moduli, utaulizwa mara tatu unataka nini. Sema «rezista ya feni ya AC», hata kama yako ni moduli, halafu toa ya zamani mfukoni uwaonyeshe.)

Fundi wa kwanza niliyempelekea alinipa suluhisho ambalo naomba usilikubali kwa mtu yeyote. «Bosi, hii tunaiunga dairekti, tunakuwekea swichi hapa chini, unasahau.» Maana yake ni kuiruka moduli na kupitisha umeme wote wa mota kwenye kijiswichi cha bei ya soda na waya mwembamba chini ya dashibodi. Mota ya feni inakula umeme mwingi. Ndiyo maana fyuzi yake kwenye magari mengi ni ya ampea 30 au 40. Waya mwembamba hapo ni kiberiti kilichosubiri njiti. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nikaagiza moduli ya mtumba kutoka Dar, ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Nanenane, nikaifunga mwenyewe Jumamosi mchana chini ya mwarobaini. Dakika 40 hivi. Feni ikatii. Nikamwita mama watoto aje aone, nikajisifu kidogo.

Wiki tatu baadaye, harufu ya plastiki iliyoungua. Kimya.

Hapo ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya mwanzoni: kujiuliza kwa nini ile ya kwanza iliungua. Moduli haizeeki hivihivi. Mapezi yake yamepachikwa ndani ya njia ya hewa makusudi, ili upepo wa feni yenyewe uipooze. Hewa ikipungua, moduli inajikaanga. Na hewa yangu ilikuwa imepungua kweli. Nilipovuta chujio la hewa ya ndani, lile lililo nyuma ya droo ya dashibodi, lilitoka kama blanketi la mgambo: jekundu, zito, limeshikana. Nilikuwa nimeishi na gari hilo miaka miwili bila kujua kwamba lina chujio huko. Kwa vumbi la barabara zetu za mitaani na upepo huu wa kiangazi, miaka miwili ni mingi mno.

Watu husema chujio likiziba mota inavuta umeme mwingi zaidi. Kwa feni hizi za mzunguko sivyo. Zikikosa hewa ya kuvuta, mzigo wao unapungua. Kinachoua ni kukosa upoozaji. Lakini mota ngumu, hiyo ndiyo inavuta umeme kupita kiasi, na mimi nilikuwa na vyote viwili. Nilipoizungusha feni kwa kidole ilikwaruza, ikasimama papo hapo. Mota nzima ukiipa msukumo huzunguka kimya mizunguko kadhaa kabla haijatulia. Nikaitoa (skrubu tatu kwa chini). Ndani nikakuta maganda ya karanga, nyasi kavu na vipande vya kitambaa cha sofa letu. Panya alikuwa amejenga. Kipindi cha mavuno nilibeba magunia ya karanga kutoka kwa mjomba Kongwa, na nadhani mgeni alipanda hapo hapo.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa sasa, ambao ningeufuata tangu siku ya kwanza, ni huu. Anza na fyuzi, ni bure. Kisha chujio. Kisha feni kwa kidole. Kisha chomoa plagi ya mota yenye nyaya mbili, uipe mota yenyewe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya uliowekewa fyuzi, kwa sekunde chache tu. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima. Halafu irudishe plagi ya mota, pima kwa testa kama umeme unafika kwenye plagi ya moduli swichi ikiwa imewashwa na AC imebonyezwa. Mota nzima, umeme unafika, feni haiitiki: lawama inaielekea moduli. Inaelekea, sijasema imethibitika, kwa sababu kuna waya mwembamba unaoleta amri kutoka kwenye vitufe, na huo nao unaweza kukatika. Huo unapimwa kwa mita, siyo testa ya taa. Kama huna mita, hatua hiyo peke yake mlipe fundi umeme. Ni pesa ndogo kuliko moduli usiyoihitaji.

Sasa kufungua. Toa waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10, halafu kaa chini unywe chai. Sitanii. Juu ya hiyo droo kuna mfuko wa hewa wa abiria, na mfumo wake hubaki na umeme kwa muda hata betri ikitolewa. Mimi nasubiri dakika kumi. Nyaya na plagi za njano ukiziona huko, usiziguse na usizichome testa.

Droo yenyewe, ile ya upande wa kushoto, itoe vitu vyote kwanza. Kwenye magari mengi ya Japani unabana kuta zake mbili kwa ndani, inashuka yenyewe. Angalia kikamba au kifimbo kidogo pembeni kinachoizuia isianguke kwa kishindo. Kikikatika, droo itampiga mapaja abiria wako kila siku. Feni utaiona ni ndoo nyeusi ya mviringo. Moduli imepachikwa jirani yake, ina plagi na skrubu mbili. Kabla ya kulegeza skrubu tandika khanga kuukuu sakafuni. Yangu moja ilidondoka chini ya zulia, na kuitafuta kulichukua muda mrefu kuliko kazi nzima. Kama umetoka kuendesha sasa hivi, usiishike moduli kwa mkono mtupu.

Plagi ndiyo mahali ambapo wengi wetu tunaharibu. Bonyeza klipu yake na uvute plagi, siyo nyaya. Halafu itazame kwa tochi. Yangu ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja na tundu limelegea. Mara ya kwanza niliiona hivyo hivyo, nikasema si inaingia? Inaingia, ndiyo, lakini tundu lililolegea linazalisha joto, na joto hilo linarudi kwenye moduli mpya. Mara ya pili nilimpa fundi umeme wa Majengo akate kichwa hicho, akaweka kingine chenye nyaya za unene ule ule, akalehemu na kufunika vizuri. Kusokota nyaya na kuzifunga solotepu ni kununua tatizo lile lile kwa awamu.

Moduli ya mtumba si mbaya, ila ilinganishe na yako kwa namba iliyoandikwa kwenye lebo, siyo kwa sura. Ziko zinazofanana plagi mpaka mapezi, na bado hazisemi lugha moja na vitufe vyako. Mwombe muuzaji akupigie picha ya lebo na ya matundu ya plagi kabla hujatuma pesa. Pini zikiwa na weusi, mwache nayo.

Ukishaifunga, usishawishike kuijaribu ikiwa inaning'inia nje kwa muda mrefu. Nje hakuna upepo wa kuyapooza mapezi. Ipachike mahali pake, rudisha betri, ndipo uwashe. Iendeshe feni robo saa kwa kasi ya kati, siyo ya mwisho. Kwenye kasi ya mwisho transista inakuwa imefunguka kabisa na haina kazi kubwa. Ni kwenye kasi ya kati, kwa moduli nyingi za aina hii, ndipo inapozuia sehemu ya umeme na kuugeuza joto. Halafu zima, shika plagi kwa nje. Uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe kidole, bado hujamaliza.

Yangu ina miezi kumi sasa. Chujio nalikung'uta kila mwezi kiangazi na kuweka jipya baada ya miezi sita, na karanga za mjomba siku hizi zinakuja kwa basi.