Re: Plains, Georgia na gari-nyumba
Mkuu umeuliza kama Plains, kwao Jimmy Carter aliyekuwa rais wa Marekani, inafaa kusimama na gari-nyumba au mpitilize tu. Simameni bana, ila msitegemee mji, maduka yenyewe ni kamstari kamoja tu pembeni ya reli. Anzieni shule aliyosoma, siku hizi ni makumbusho na kiingilio hamna, halafu stesheni ya treni iliyokuwa makao ya kampeni yake 1976, yaani kadogo kama duka la Mangi mpaka unajiuliza urais ulitokea wapi pale 😂 Shamba la Archery alikokulia ndo msiliruke kabisa, choo cha nje bado kipo. Kulala nendeni Georgia Veterans State Park karibu na Cordele, wana sehemu za kuchomeka umeme na maji. Na msiondoke Plains bila kula aiskrimu ya karanga!