Mradi wa miongozo umekuwa mkubwa: tuugawe au tuuache?

Mradi wetu wa nyaraka za msaada, tunaouandika kwa Sphinx (programu inayogeuza faili za maandishi kuwa tovuti), umefikisha kurasa 2,000. Tukisahihisha neno moja tu, seva hukaa dakika 40 ndipo itoe tovuti mpya. Si bora tuugawe?

Bado. Hapo mwenye shida ni seva. Sphinx hukumbuka ilichokwisha kusoma, na mara inayofuata husoma faili zilizobadilika tu. Ila huzitambua kwa saa ambayo faili iliandikwa mara ya mwisho. Seva ikinakili upya kila mara hazina yote ya Git, yaani ghala la faili pamoja na historia ya mabadiliko yake, kila faili huonekana mpya na kazi huanza mwanzo. Iachieni seva nakala yake ya hazina pamoja na folda ya doctrees, ambamo Sphinx huweka ilichokwisha kusoma, kisha ongezeni -j auto kwenye amri ya kutoa tovuti ili viini vyote vya kichakataji vitumike. Pimeni tena, ndipo mzungumze habari ya kugawa.

Ukubwa peke yake haunishawishi. Nyaraka za lugha ya programu ya Python, ambazo ndizo Sphinx iliundwa kwa ajili yake na kutolewa mwaka 2008, zina mafunzo ya wanaoanza, rejea ya lugha na maktaba nzima, na bado ni mradi mmoja. Sehemu zote hizo zinafuata namba moja ya toleo.

Dalili ya kweli ni ipi basi?

Kalenda mbili. Mahali fulani nilipofanya kazi, mwongozo wa programu ya simu na ule wa mfumo wa ofisini ilikuwa katika mradi mmoja. Programu ya simu ilitoka kila baada ya wiki mbili, mfumo wa ofisini mara mbili kwa mwaka. Kila tuliporekebisha ukurasa mmoja wa simu, zilitoka pia kurasa za ofisini zenye hatua ambazo wateja hawajazipata. Watu walipiga simu wakitafuta vitufe visivyokuwapo. Iliniuma sana, kwa sababu waliopotezewa muda ni wale wale waliotuamini wakafungua mwongozo.

Kama matoleo yana tarehe tofauti na wanaoidhinisha kurasa ni watu tofauti, gaweni. Kama kalenda ni moja, folda zinatosha. Msaada wa LibreOffice, programu huria za ofisi, uko hivyo: Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali na Impress ya mawasilisho, kila moja ina folda yake ndani ya hazina moja, nazo hutoka pamoja.

Tukigawa, viungo vya kutoka mwongozo huu kwenda ule havitakatika?

Vitakatika kama mliandika anwani za kurasa kwa mkono. Wekeni lebo, yaani jina lisilobadilika, kwenye vichwa vya habari, muunganishe kwa lebo hizo. Kila mradi wa Sphinx hutoa faili iitwayo objects.inv, yenye orodha ya lebo zake. Nyongeza ya intersphinx huisoma orodha ya jirani na kuupata ukurasa wenyewe. Hatari hubaki moja: jirani akifuta lebo leo, ninyi mtajua siku mtakapotoa tovuti yenu, pengine mwezi ujao. Kwa hiyo toeni miradi yote kwa majaribio kila usiku, na -W iwepo kwenye amri ili onyo lihesabiwe kuwa kosa, lisipite kimya.

Maonyo na maana za maneno tunayotumia kote, kila mradi uwe na nakala yake?

Hapana, nawasihi. Nakala mbili za onyo la kufuta data hazichukui muda kuachana, na kuna mtumiaji atakayesoma ile ya zamani. Tengeni mradi mdogo wa vitu vya pamoja, wenye mtu mmoja anayewajibika. LibreOffice ina folda ya shared kwa kazi hiyo. Mkiona huo wa pamoja unazidi ile miwili, mlikata mahali pasipokatika. Rudisheni.

Historia ya Git itapotea?

Haipotei. Tumieni git filter-repo, zana ya kuchuja historia ya Git, kwenye nakala mpya ya hazina. Itabakiza folda mnayoitaka pamoja na mabadiliko yake ya nyuma. Na siku hiyo hiyo zielekezeni anwani za zamani za kurasa kwenye mpya, maana wapo waliozihifadhi kwenye simu zao.