Mwanangu, baba yako mkubwa hajachanganyikiwa

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu kama baba yako mkubwa amechanganyikiwa hata akahamia kando ya msitu kule Amani, na kama si vizuri mje na kaka zako mumrudishe hapa Ngamiani, mjini Tanga. Sikukujibu. Nilisingizia mtandao, lakini ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo. Sasa nimetoka kwake, nimelala siku tatu.

Mpaka Muheza njia unaijua. Kutoka pale basi la Amani linapanda kilomita 30 na kitu za udongo, kona juu ya kona. Tulishuka kulisukuma mara mbili. Huko juu ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na mimi mtu wa pwani nimekwenda na kandambili! Koti lake la mvua nililala nalo.

Kwanza, hajavamia msitu, hata kama shangazi yako kakwambia hivyo. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997 na mpaka wake unajulikana. Yeye yuko upande wa kijiji. Nyumba ni ya fito na udongo, chumba kimoja, jiko nje. Chini ya miti mikubwa kapanda iliki, maana iliki hupenda kivuli, na pilipili manga imeparamia mti nyuma ya jiko. Anakula magimbi na ndizi zake. Iliki anauza. Maji anachota kwenye kijito kinachoteremka kuingia mto Zigi, yaani tunayoyapata sisi bombani hapa Tanga yeye anayawahi.

Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Kuna perere, mnyama mwenye umbo la sungura tu, lakini akilia juu ya mti utadhani mtu anachinjwa. Akinyamaza yeye, vyura. Asubuhi nikamwambia, "Kaka, huo utulivu wa msituni wanaousifia watu uko wapi?" Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo akanieleza jambo ambalo miaka yote hakuwahi kunieleza.

Unakumbuka alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, si ugonjwa. Miaka 22, masikio wazi. Mashine ilimwachia mlio kichwani. Mchana kwenye kelele za mjini hausikii sana, ila usiku watu wakilala, korona inawashwa. Kule mto na vyura wanaifunika, naye analala.

Nami nilikuwa nimemwandalia kile chumba cha uani, kimya kuliko vyote, na alipokikataa nikamnunia miezi minne. Nimemwomba radhi. Alisema, "Ungejuaje, na mimi sikusema?" kisha akanituma kuni.

Wasiwasi ninao bado, sikufichi. Mawe ya kijitoni yanateleza, naye si kijana. Tumekubaliana kila Ijumaa apande kilimani kwenye mtandao anipigie. Asipopiga, kijana wa jirani ataniarifu.

Kwa hiyo msije kumchukua. Njoo Desemba peke yako, na viatu vya kufunga. Aliniagiza chumvi, betri za tochi na ng'onda wa kutosha, kwani huko juu samaki wa baharini ni adimu. Ng'onda nitanunua mimi, wewe leta betri, kubwa zile.

Baba yako